Nyuki Ndani ya Waya

Waya ni mmoja.
Uliingia sebuleni mwaka niliozaliwa,
kupitia tundu alilotoboa baba
kwa msumari wa reli kutoka karakana,
na tundu lile lina kutu hadi leo.

Mama amesema simu ya mezani haiondoki.
Nimemwonyesha bili. Nimemwonyesha simu yake ya mkononi,
ina majina thelathini na moja, hata la muuza mkaa.
"Mihambo hana namba hiyo," anasema. "Anayo hii."
Mihambo, kaka yangu, aliyekwenda machimboni Mpanda
na tarakimu za nyumbani kichwani,
kwa sababu karatasi, alisema, hulowa.

Basi intaneti ikaja kwa waya uleule.
Mchana nawajazia vijana wa Cheyo fomu za mikopo:
jina la mlezi, cheti cha kifo,
picha ya pasipoti inayokataa kupanda,
asilimia sitini, sitini na mbili,
na hapo hapo mama anainua mkono wa simu
kusikia tu kama ipo.
Taa ya kijani inazimika.
Mtoto wa watu ananitazama kana kwamba nimemla ada.

"Nyanso, njoo usikie. Wameingia nyuki."

Nikasikiliza. Kweli.
Mzinga mzima,
ule mvumo wa siku ya kurina
kabla moshi haujawafikia.

Fundi alikuja Alhamisi, Masudi Kapama,
ngazi begani, suruali imebanwa kwa pini ya baiskeli.
Aliufuata waya kama anayefuata njia ya mchwa,
sebule, korido, mpaka chumbani kwa mama,
nyuma ya kabati, kwenye simu ya pili, nyekundu,
ambayo mama peke yake alijua bado inafanya kazi.
Akaeleza: sauti ya mtu hupita chini,
intaneti hupita juu,
na pasipo cha kuwatenganisha
kila mmoja humkanyaga mwenzake, halafu kuna, kuna...
akakwama, Kiswahili kimemkimbia.
Mama, aliyechuja asali miaka arobaini
kwa shuka kuukuu juu ya sufuria,
akamwokoa: "Nta huku, asali huku."
"Hasa, mama!"
Akatoa mfukoni kidude cheupe,
kidogo kama sabuni ya gesti,
akakichomeka kati ya simu na ukuta.
Kingine sebuleni. Elfu nane vyote viwili,
na chai, na kiazi cha kuondokea.

Tangu hapo fomu zinapanda.
Mama anamsema shemeji yake kwa dada yake wa Urambo,
nami napakua,
na hakuna anayemkata mwenzake.
Waya mmoja, baba angecheka.

Ila ukimya umekuwa safi mno.
Zamani simu isipoita tulikuwa na wa kumlaumu:
amepiga, nyuki wamemmeza.
Sasa ukiinua, ni mlio ulionyooka
kama reli ya kwenda Mpanda,
na mwisho wake hakuna mtu.

Jumamosi, asilimia sabini na moja,
taa ikafa.
Nikangoja. Nikazima modemu, nikawasha.
Kisha nikaenda chumbani, viatu mkononi.

Mama alikuwa ukingoni mwa kitanda,
kidude cheupe mapajani kwenye khanga,
simu nyekundu sikioni, macho ameyafumba.
Mvumo ulifika mpaka mlangoni nilipo.
Midomo yake ilikuwa inajibu kitu.

Nilirudi sebuleni.
Nikamwambia yule kijana mtandao unasumbua leo,
asubiri kidogo,
nikamkaribisha karanga.