Ishirini, Usiguse

Zhuzhuna alinipigia simu Alhamisi, theluji ikianguka Rustavi,
akasema printa imekuwa bubu tena.
Si kila siku. Inachagua.
Jumatatu inanena vizuri kama shemasi;
mjukuu wake Lile akirudi na simu mpya, inakata kauli.

Nilipanda ghorofa saba kwa miguu,
lifti ikidai sarafu nisiyokuwa nayo.

Ruta ilikaa juu ya kabati la vyombo, taa zake nne zikikonyeza.
Nikamweleza:
Mama, kila kifaa kina jina la kuzaliwa,
kimechanjwa nalo kiwandani.
Lakini jina si anwani.
Kikiingia nyumbani hakijui kilale wapi,
basi kinapiga ukunga, wote wasikie:
*Kuna mgawa namba humu?*
Televisheni inasikia, inanyamaza. Si kazi yake.
Ruta ndiyo hujibu: *Ipo thelathini na nne.*
*Naitaka hiyo.*
*Haya, yako, mpaka kesho saa kama hii.*

Mpaka kesho tu?

Ni kupanga, mama, si kununua.
Mpangaji mwerevu hangoji siku iishe;
muda ukifika nusu anabisha hodi aongezewe.
Anayeondoka bila kuaga,
namba yake hukaa tupu kidogo, kisha hupewa mwingine.

Akacheka. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini,
usinisomeshe habari za vitanda.

Basi printa yako haikupanga. Imejimilikisha.
Mtu aliipa ishirini kwa mkono wake, ruta haikuambiwa.
Kwenye daftari la ruta ishirini ni kitanda kitupu,
simu ya Lile ikaja, ikalazwa hapo.
Wagonjwa wawili, kitanda kimoja,
dawa ya huyu anapelekewa yule.

Nikanyoosha mkono niigeuze printa,
ijifunze kuomba kama wenzake.
Ubavuni ilibandikwa plasta ya hospitali, imepauka,
kwa kalamu ya buluu, herufi zimelalia kushoto:
ISHIRINI. USIGUSE.

Nodari, akasema.
Akaenda jikoni. Nikasikia bomba likifunguliwa,
na kwa muda mrefu halikufungwa.

Iko njia ya pili.
Nilifungua daftari la ruta,
nikalitafuta jina la kuzaliwa la printa,
alama kumi na mbili zisizotamkika,
mbele yake nikaandika: ishirini ni ya huyu.
Hata akizimwa. Hata asipoomba.
Asipewe mgeni, nyumba ijae namna gani.

Simu ya Lile ikazimwa, ikawashwa, ikauliza,
ikapewa arobaini na moja.
Haikununa. Simu haina kiti inachokipenda.

Printa ikakohoa.
Ikatema madeni ya wiki nzima:
noti za kwaya, sauti ya pili, nakala kumi na moja,
ya kumi na mbili ikakwama nusu mlangoni.
Zhuzhuna akaivuta taratibu, kwa vidole viwili,
kama anayebandua bendeji kwenye ngozi ya mzee.

Alinifungia mkate wa jibini katika gazeti,
juu yake akaweka sarafu ya tetri ishirini.
Ya lifti, akasema.
Kushuka ni bure, mama.
Chukua.