Saa ya Kilimo, Majengo

Jembe hapa hulia kama kengele:
chini ni jiwe, matapishi ya mlima.
Ubaoni niliandika: *Udongo una tabaka tatu.*
Kavira akanyoosha mkono,
"Mwalimu, wetu uko wapi?"

Jumatatu kila mtoto akaja na wake,
kwa kopo, kwa soksi, kwa kofia ya baba.
Wa Mumbere ulitoka kwa shangaziye, Sake,
nusu gunia juu ya chukudu,
na ndani yake nyungunyungu mmoja.
Tukamwita Inspekta: huingia bila hodi.

Mkurugenzi bado hunitumia wachelewaji
walime, iwe adhabu.
Leo Kavira amechelewa tena,
mara ya nne wiki hii,
mkononi kikombe cha maji,
hakimwagiki hata tone.

Lengalenga imetoa jani la pili.