Safu ya Sita

Sekiete wa utumishi ameleta fomu kabla ya saa nne,
akaiweka juu ya mashine iliyokufa ya kuzungushia damu.
"Ijumaa mwisho, Daktari. Kamati haitazami sura."
Safu ya kwanza jina, ya pili tarehe ya ajira,
ya sita: umenukuliwa mara ngapi.

Mara elfu moja mia tisa na kumi na mbili.
Nimehesabu hapa Bombo, feni ikizunguka kwa kusitasita,
nikahesabu tena kama mtu anayedaiwa.
Makala arobaini na moja.
Na ile namba wanayoiita kwa herufi moja tu, h,
yangu kumi na tisa.
Nilipomwambia mama kwenye simu akauliza, kumi na tisa nini?
Debe? Gunia?
Heshima, mama.
Akanyamaza kidogo.
Heshima ya kupimwa, akasema, hiyo ya dukani.

Makala iliyozibeba nyingine mgongoni
ni ile ya damu ya usiku.
Minyoo ya matende mchana hujificha ndani kabisa,
usiku hutoka karibu na ngozi, kama walinzi wa zamu.
Basi nasi tukaenda Kigombe saa nne usiku,
mimi, Chambai dereva, na karabai moja inayovuja,
watu wameamshwa, khanga mabegani,
watoto wanalia huku bado wamelala:
kidole, sindano, tone, kioo.
"Mnakuja kama wanga," mwanamume mmoja alicheka,
"ila nyie mna gari la serikali."

Vioo mia mbili na kumi na viwili.
Nukuu mia nne themanini na saba.
Chambai hayumo hata kwenye shukrani.
Na mtaalamu mmoja wa mbali amenukuu ukurasa wa nane
kwa jambo ambalo ukurasa wa nane unalikanusha.
Nayo imehesabiwa.

Chini huku, namba thelathini na tatu,
kurasa nne, kwa Kiswahili, jarida lenyewe limeshakufa:
namna ya kuosha mguu wenye matende.
Sabuni. Maji safi. Kausha katikati ya vidole.
Ukilala, uinue mguu juu ya mto.
Nukuu: sifuri.
"Itoe," Sekiete alinishauri, "inakushushia wastani."

Mwezi uliopita nilirudi Kigombe kwa jambo jingine.
Uani kwa Tabia Mndolwa, beseni la bluu,
yeye amechutama, anamwosha mkwewe mguu.
Hakunijua. Akanifundisha.
"Hapa katikati ya vidole, mgeni, ndiko ugonjwa unakokaa.
Kaniambia Saumu wa Mwarongo,
naye kaambiwa na wifi yake Riziki,
naye kaambiwa na marehemu Mashavu,
naye kamsikia kwa masikio yake
yule binti wa damu ya usiku."

Mwalimu wangu wa chuoni angeipokea sanadi hiyo:
mtu kwa mtu, na kila mmoja anajulikana kwao.

"Na chumvi ya mawe kidogo," akaongeza.
Chumvi sikuisema mimi.
Nilifungua mdomo nisahihishe, nikautazama mguu:
ngozi imelainika, vidole vimeachana,
harufu hakuna.
Bibi mwenyewe akaniambia ameanza tena kwenda arusini,
na Jumamosi iliyopita alikaa mbele.

Sikusema kuwa ndimi.
Labda ni haya. Labda nilitaka tu
kuendelea kunukuliwa.

Safu ya sita ina visanduku vinne.
Moja, tisa, moja, mbili: vimejaa.
Saa nane umeme umekatika, Sekiete amerudi jasho likimtoka,
kidole kimeshuka kwenye orodha, kimesimama.
"Hii sifuri bado ipo."
Ipo.
Ameikung'uta fomu vumbi la mashine, ameondoka nayo.

Nami nimebaki na ile chumvi.
Ya mawe, alisema. Kidogo.
Kidogo kiasi gani?
Hakuna aliyeipima.