Mbegu Namba Arobaini na Saba

Mbegu hapa ni namba.
Unaandika arobaini na saba, unabonyeza,
unaisubiri feni ya kompyuta ipande mlima ikihema,
na mwambao mzima unaota kwa pumzi moja:
matete elfu tisa, mafunjo elfu nne,
nyasi sikuzihesabu.

Jani moja ni pembetatu mbili na picha.
Picha nilizipiga Luchelele, Jumapili, magoti topeni,
Nkwimba akishika shuka jeupe nyuma ya kila jani
kama tunalipiga ya pasipoti.
"Hili lina doa," akasema.
Hilo hilo, nikamwambia. Lisogeze juani.

Wiki ya kwanza miti yangu ilikuwa na adabu mno.
Wima, kama wanafunzi siku ya mkaguzi,
kila mmoja pacha wa mwenzake,
Kulwa, Doto, Kulwa, Doto, mpaka Igombe.

Nikajifunza kuiharibu.
Nikaandika kanuni fupi, nikaiita Mbuzi,
ikapita kichaka kwa kichaka
ikila mpaka pale shingo ilipofika.
Minyaa ikaiacha. Hata mbuzi wa namba anaujua utomvu.
Nikaleta upepo wa alasiri kutoka ziwani:
migongo ikainama,
ulipokoma haikurudi yote.
Vumbi nikalipaka upande mmoja wa jani, upande wa barabara.
Kijani nilikipunguza mara tatu.
Kijani cha kweli kina kutu ndani yake,
kina uchovu wa Septemba.

Gugu maji peke yake halikunisumbua.
Nililipa amri moja, nenda utakako,
na asubuhi nikalikuta limeziba gati.

Kisha mteja akapiga simu.
Mandhari imemgusa, alisema, karibu asikie mbu.
Ila ule mti juu ya jiwe, pale karibu na maji,
uondoe. Unaonekana wa kutengeneza.

Ule ndio mti pekee ambao sikuubuni.
Ni mkuyu wa Igogo, nyuma ya mashine ya kusaga.
Niliupima kwa kamba ya kuanikia nguo, mzizi kwa mzizi,
jinsi ulivyomwagika juu ya jiwe
kama uji uliofurika sufuria ukagandia ubavuni,
na chini yake udongo haujai kiganja.

"Mti hauoti juu ya jiwe," alisema yule bwana
kwa upole, kama anayenisaidia.

Nikaufuta. Kitufe kimoja.
Mahali pake nikaotesha mbegu mia mbili na kumi,
mti wenye udongo wake, mnene, wa heshima,
ambao hakuna mtu aliyewahi kukaa chini yake.
Akalipa siku ile ile.

Jioni nikapita Igogo.
Upo.
Mtu ameanika fulana mbili kwenye mizizi, na soksi moja.
Mashine ilikuwa imezimwa, unga umetua juu ya majani
kwa namna ambayo ningeikataa:
mwingi mno huku, kule hakuna kabisa.
Nikausimamia kwa jicho la mteja, nikitafuta kosa,
na nikayaona mengi.
Tawi limetokea pasipo na sababu.
Jiwe limepasuka, mzizi umeingia humo, haukutoka tena.
Yule bwana hakukosea, hauaminiki.

Kuyu likaanguka karibu na kiatu changu,
nusu yake limeliwa na ndege.