Kigugumizi

Kwenye mizunguko elfu moja na mia tano
injini hushikwa na kigugumizi,
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wakwe.
Ikivuka elfu mbili husahau yote, ikakimbia.

Sabela, fundi wa Lugo, hakugusa spana kwanza.
Alijibana kando ya vikapu vya mikate,
akamwambia Eladio: endesha kama kila siku.
Manyunyu. Kilima cha kanisa. Gia ya nne, polepole.
Hapo ikasita.

Filta ya dizeli, mpya. Noseli hazivuji.
Mpira wa turbo aliupapasa hadi mwisho: mzima.
Ndipo akaing'oa vali irudishayo moshi,
akatia kidole, kikatoka cheusi hadi kwenye pete.
Ilikuwa imekwama mdomo wazi,
injini ikivuta tena pumzi iliyokwisha kuitoa.

“Unaiendesha kwa woga,” alisema, akikwangua.
“Masizi hupenda mguu mwepesi.”
“Ni keki za harusi,” Eladio akajitetea. “Ghorofa tatu.”
“Basi ukirudi mtupu, ikimbize.”

Jioni alipanda kilima kwa gia ya tatu,
vikapu vikirukaruka nyuma.
Bi Herminia akafunga dirisha kwa kishindo.