Ritifaa

Seva ya zamani iliishi chini ya meza ya Bi Nyamizi,
stoo ya ushirika wa asali, Kanyenye, Tabora mjini,
ikinguruma kama friji lililonyimwa likizo.
Miaka kumi na mitatu ilivuta harufu ya nta.
Nilipoifungua, kwenye feni mlikuwa na nyuki watatu,
wakavu, mabawa bado mazima.

Niliambiwa: hamisha. Ile ilikuwa ya madirisha;
hii mpya ni ya pengwini, haina hata kioo,
unaiandikia gizani, inakujibu kwa mstari mmoja.
Nikasema, kazi ya usiku huu tu.
Mdomo wangu na mimi!

Kule, Wafugaji na wafugaji walikuwa watu wale wale.
Huku, mwenye herufi kubwa ni mmoja,
mwenye ndogo ni mwingine,
hawajawahi hata kusalimiana.
Nikazishusha herufi, jedwali kwa jedwali,
kama mpagazi anayeshusha magunia saa tisa za usiku.

Kisha mizinga ikawatangulia wenyewe.
Mizinga elfu sita mia nne na kumi,
ya magome na ya mbao, ya Ipole, ya Kitunda,
ikapiga hodi. Seva ikauliza: ya nani?
Kimya.
Ikairudisha yote mlangoni.
Ufunguo wa kigeni hauna huruma,
mzinga usio na mtu haulali ndani.
Nikafuta, nikaanza upya, watu mbele.

Umeme ukakatika. Nikatafuna karanga. Ukarudi.

Alfajiri nikafungua orodha, nikamkuta
Ng?wigulu Kasanda, wa kata ya Ng?ambo,
dhamana ya mkopo: ng?ombe wawili.
Alama ya kuuliza imekaa
pale pa kidoa kile kinachoning'inia juu ya mstari,
sauti tunayoipitisha puani bila kufikiri.
Ile ya kale iliandika ritifaa iliyopinda kama ndoana;
hii ikaitazama, isiitambue,
ikauliza mara mia tatu na kumi na saba.

Bi Nyamizi akaja na chupa ya chai,
akasoma juu ya bega langu.
"Huyu nani?"
Ng'wigulu, nikasema.
"Mimi naona mtu anayehojiwa.
Anapiga baiskeli siku mbili hadi kwenye mizinga yake.
Akija kulipwa, tumwiteje?"

Nikarudi kwa ile ya kale.
Nikaitaka iseme kwanza imezoea hati gani,
kabla haijafunga mizigo;
na hii mpya nikaiambia, sikiliza hivyo hivyo.
Tukavuka tena.

Bi Nyamizi hakuiamini skrini.
Akavuta kiti, akasoma kwa sauti, mmoja mmoja,
Ng'wigulu, Ng'hwani, Ng'ambo, Ng'ambo,
nami nimefumba macho, naisikiliza pua yake.

Akakwama karibu na mwisho. Kasubi Ilanga?
Alama ile, imebaki.
Nikanyosha mkono kuifuta.
"Acha. Hiyo niliiandika mimi, mwaka ule wa moto wa msitu.
Sikuwa na hakika kama yu hai."

Nikaizima ile ya kale.
Stoo ikanyamaza hata tukasikia
bati likijinyoosha juani.
Wale nyuki nimewaacha mlemle.