Mama Butoyi, Uvinza

Kazini, penye mabwawa ya chumvi, naitwa Mama Bukuru.
Ndivyo ilivyo: pacha wa kwanza ndiye humpa mama jina,
na Bukuru ana mdomo, hujibu hujamaliza kuuliza.
Butoyi alikuja dakika ishirini nyuma yake,
akakuta maneno yamekwisha kugawiwa.

Miaka sita nilimwita kwa kukanyaga sakafu.
Miaka sita nilimpigia kelele, kana kwamba
uziwi ni mlango tu
na mimi sijagonga vya kutosha.

Aliyeniingiza kundini ni muuza vocha wa stesheni.
"Kuna mwalimu Tabora," akasema, "naye hasikii.
Anafundisha kwa video. Wazazi wengi wamo."
Akanipa simu niandike jina.
Nikashangaa kidole kimeandika: Mama Butoyi.

Kundi hili halina sauti.
Hakuna anayerekodi salamu huku akipepeta mchele,
hakuna kwaya, hakuna mahubiri ya saa kumi alfajiri.
Kuna mikono tu.
Mikono ya Mwalimu Kalunde, mbele ya pazia la buluu;
ya mama wa Nguruka, ina unga;
ya mama wa Kaliua, imeshika tumbaku mpaka ikageuka rangi;
na ya baba mmoja wa Tunduru, asiyeona haya,
hukosea kila siku na kila siku hutuma tena.
Sura zao sizijui. Tukikutana njiani nitawapita.
Lakini wakisimama kuchagua nyanya
nitawajua kwa viganja.

Vyangu vimepasukapasuka kwa chumvi.
Kukunja kidole cha pete peke yake kunauma.
Nilijifunza "maji" kwa maumivu, "njoo" kwa maumivu.
"Samahani" ilinichukua wiki nzima,
nami nilikuwa nazo nyingi za kusema.

Siku moja bando likakata katikati ya neno.
Mwalimu akaganda: mkono mmoja kifuani,
mwingine hewani, umefunguka,
kama wa mtu anayetaka kupokea kitu
na hajaambiwa ni nini.
Kiduara kikazunguka. Kikazunguka.
Jero ya bando ndiyo ilikuwa jero ya dagaa.

Butoyi alikuwa ameniegemea begani.
Akautazama mkono ule ulioachwa njiani,
akainua wake, akaumalizia:
akaushusha taratibu mpaka shavuni kwangu.
Neno sikulijua. Nikakaa kimya nalo hadi ugali ukaungua.

Kesho yake nikanunua bando.
Neno la mwalimu lilikuwa "mkopo".
Nilicheka mpaka msimamizi wa zamu akanigeukia.

Nikamrekodi mwanangu, nikatuma lile la kwake.
Mwalimu huandika mara chache. Safari hii akaandika:
"Hilo sikuwa nalo. Maana yake nini?"
Nimeanza kujibu mara tatu, nimefuta mara tatu.
Baba wa Tunduru amekwisha kulituma tena.
Amelikosea.

Usiku huu umeme umekatika, Uvinza nzima giza.
Bukuru anapiga soga gizani bila shida,
anasimulia treni ya mizigo iliyokwama, hakuna anayemjibu.
Lakini Butoyi, taa ikizimika, naye huzimika:
nasikia tu mikono yake ikisugua shuka.

Simu ina asilimia nne.
Kundini kuna jumbe kumi na saba, namba inawaka.
Nazima data.
Nawasha tochi, naiegemeza kwenye kikombe.
Mwanga mdogo, unatosha viganja viwili ukutani na viwili kitandani.
Nakunja kidole kinachouma, nakikunjua:
haya, mwanangu,
ulikuwa unasema?